Maswali ya Wasomaji: Mwalimu Mwenzako Akiipitia Kozi Yako ya Mtandaoni

Barua nyingi tulizopokea zimetoka Kisumu, Nakuru na kaunti za magharibi, na karibu zote zinauliza jambo moja: wahadhiri wapitiane vipi kozi zao za mtandaoni kabla hazijafunguliwa kwa wanafunzi? Tumechagua sita. Majibu ni ya jopo letu la walimu wa vyuo.

Wapendwa Jopo, chuo chetu hapa Kisumu kimetangaza kwamba kuanzia Septemba hakuna kozi ya mtandaoni itakayofunguliwa kabla mhadhiri mwingine hajaipitia. Idarani watu wamenuna. Wengine wanasema ni njia ya kumtafutia mtu makosa ili asipande cheo. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuratibu, na sijui nianzie wapi.
*Mhadhiri wa uhasibu, Kisumu*

Mwalimu, anzia kwenye hayo manung'uniko, maana yana msingi. Kabla hujagusa jedwali lolote la vigezo, mwombe mkuu wa kitivo akupe barua yenye mambo mawili: kwamba kinachopitiwa ni kozi wala si mhadhiri, na kwamba ripoti haitaingia kwenye faili ya mtumishi wala kufika kwenye kamati ya kupandisha vyeo. Ripoti ikionekana huko hata mara moja, muhula unaofuata kila mpitiaji ataandika "kozi ni nzuri" ili asimharibie mwenzake. Fomu zitajaa, na kozi zitabaki zilivyokuwa.

Kuhusu idadi ya watu, utaratibu unaojulikana sana duniani ni wa Quality Matters, ulioanza Marekani mwaka 2003 chini ya muungano wa vyuo wa MarylandOnline. Wao huweka wapitiaji watatu, na angalau mmoja hutoka nje ya chuo. Kigezo huhesabiwa kimetimizwa iwapo wawili kati ya watatu wamekubali. Kozi hupita ikifikisha asilimia 85 ya alama na kutimiza vigezo vyote vya lazima. Vigezo vyao vya jumla ni 8: utangulizi wa kozi, malengo, tathmini, vifaa vya kusomea, shughuli za mwanafunzi, teknolojia, msaada anaopewa mwanafunzi, na urahisi wa kutumiwa na kila mtu, pamoja na mwenye ulemavu.

Muhula wa kwanza wapitiaji wawili watakutosha. Mmoja awe anaijua taaluma, mwingine awe hata hajawahi kuisoma. Huyu wa pili watu humdharau, lakini ndiye anayekwama pale mwanafunzi atakapokwama. Mwalimu wa uhasibu akikuta "fanya ulinganisho wa benki kama tulivyozoea" anaendelea mbele bila kushtuka, wa historia atauliza, "Tulizoea lini?"

Usichukue vigezo vingi. Jedwali la OSCQR la Chuo Kikuu cha Jimbo la New York, ambalo linapatikana bure kwa leseni huria, lina vigezo 50. Kaeni idara nzima kwa saa mbili mchague 15 vinavyowahusu. Kukaa huko pamoja ni nusu ya kazi, kwa sababu mtu hapingi sana kigezo alichokitunga mwenyewe.

Ratiba hesabu kurudi nyuma. Kama wanafunzi wanafunguliwa kozi Jumatatu fulani, mapitio yaanze wiki sita kabla ya hapo: wiki moja mwenye kozi ajaze maelezo mafupi ya kozi yake, wiki mbili wapitiaji wafanye kazi, siku moja ya kuketi na kuzungumza, wiki mbili za marekebisho, na siku zinazobaki za kuhakikisha. Mpitiaji mpe saa 8 hadi 10 kwa kozi ya wiki 12, na saa hizo zihesabiwe kwenye mzigo wake wa kazi. Ukimwambia azipate "akiwa na nafasi," atafungua kozi usiku wa kuamkia siku ya ripoti na kusoma wiki ya kwanza peke yake.

Na kozi ya kwanza kupitiwa iwe yako wewe mratibu. Soma maoni uliyopewa mbele ya wenzako wote.

Mimi hufundisha kilimo katika chuo kimoja karibu na Nakuru. Kozi yangu imepitiwa mara mbili. Wa kwanza aliandika, "Kazi nzuri, hongera." Wa pili alijaza kurasa tatu akibishana nami kuhusu mpangilio wa mada ya udongo, ambayo yeye angeifundisha kwa njia nyingine. Sikupata cha kurekebisha. Sasa imefika zamu yangu ya kuwapitia wenzangu. Niandike nini?
*Mwalimu wa kilimo, Nakuru*

Mwalimu, hao wawili walikosea mahali pamoja: hakuna aliyetazama kama sehemu za kozi yako zinashikana. Hapo ndipo mpitiaji anatakiwa kutumia karibu nusu ya muda wake.

Chukua karatasi, uigawe safu nne: lengo, vifaa, zoezi, tathmini. Kwa kila wiki ya kozi, nakili lengo kama lilivyoandikwa, kisha jaza safu tatu zilizobaki kwa kile unachokiona kwenye kozi. Usijaze unachodhani mwenzako alikusudia. Tuchukue mfano wa fani yako.

Lengo la wiki ya 4: "Mwanafunzi ataweza kukokotoa kiasi cha mbolea ya kupandia mahindi kwa shamba la ukubwa wowote." Vifaa: slaidi 32 za aina za mbolea, na ukurasa mmoja wenye fomula. Zoezi: mjadala, "Mbolea ina umuhimu gani kwa mkulima?" Tathmini: maswali 10 ya kuchagua jibu, la kwanza likiwa "DAP ni kifupisho cha maneno gani?"

Kila kipande, ukikitazama peke yake, hakina ubaya. Slaidi ni safi na mjadala unachangamka. Lakini mwanafunzi atamaliza wiki hiyo bila kukokotoa hata mara moja, apate 10 kwa 10, kisha mkulima wa Njoro amuulize anunue magunia mangapi, akose la kusema. Kasoro hii ni ya kawaida kwenye kozi za mtandaoni, na mwenye kozi huwa haioni kwa sababu darasani alikuwa akiifidia kwa chaki ubaoni.

Sasa maoni yenyewe. Kila oni liwe na mambo manne: umeona nini na wapi, linamkwaza mwanafunzi kwa namna gani, unapendekeza nini, na uzito wake. Kwa kozi hiyo ungeandika hivi:

"Wiki ya 4, jaribio: lengo linasema kukokotoa, ila maswali yote 10 yanauliza majina na maana. Mwanafunzi anaweza kulipita bila kushika kikokotoo. Napendekeza maswali 4 yawe ya hesabu. Mfano: mahindi yanahitaji kilo 60 za P2O5 (fosforasi kama inavyopimwa kwenye mbolea) kwa hekta, mbolea ya DAP ina asilimia 46 ya P2O5, shamba ni ekari 1, zinahitajika kilo ngapi za DAP? Kabla ya jaribio, weka mfano mmoja uliofanywa hatua kwa hatua. Uzito: lazima kabla ya kufungua."

Mpitiaji anayeijua taaluma anaweza kwenda mbele zaidi. Jibu sahihi hapo ni karibu kilo 53: hekta moja ni ekari 2.47, kwa hiyo 60 gawanya kwa 2.47 ni 24.3, na 24.3 gawanya kwa 0.46 ni 52.8, yaani gunia la kilo 50 na kidogo juu yake. Mwambie mwenzako majibu ya uongo yasiwe namba za kubahatisha. Aweke 130, ambayo ataipata aliyesahau kugeuza hekta kuwa ekari, na 11, ambayo ataipata aliyezidisha kwa 0.46 badala ya kugawanya. Akifanya hivyo, jaribio lenyewe litamwonyesha ni wangapi wamepotea na wamepotelea wapi.

Angalia pia vitenzi vya malengo. "Kuelewa", "kufahamu" na "kuthamini" havipimiki. Huwezi kumwona mtu akielewa. "Kukokotoa", "kulinganisha", "kuchora", "kutetea hoja" vinapimika.

Kuhusu ubishi wa mada: kosa la ukweli liseme, tena kwa ushahidi. Mpangilio na mtindo ni mamlaka ya mwenye kozi. Ukijikuta unaandika "mimi ningefundisha", futa.

Uzito uwe wa ngazi tatu: lazima, ingefaa, hiari. Maoni ya lazima yasizidi matano. Mtu aliyepewa maoni 40 yasiyo na uzito huanza na yaliyo mepesi, ya tahajia na rangi, na muda huisha kabla hajafika kwenye jaribio la wiki ya 4. Na yaliyo mazuri yataje kwa mahali pake pia, kwa mfano "mfano wa wiki ya 2 unaeleweka hata kwa asiye wa fani hii", ili asije akakiondoa kitu kizuri wakati wa kurekebisha.

Wanafunzi wetu wengi wanasomea kwenye simu, na bando wanajinunulia wenyewe. Je, hilo ni jambo la mpitiaji au ni la watu wa tehama?
*Mratibu wa masomo ya mtandaoni, Bungoma*

Ni la mpitiaji, ndugu, na alifanye akiwa na simu mkononi. Apitie angalau wiki moja ya kozi kwenye simu ya kawaida, akitumia bando na si Wi-Fi ya ofisini. Aandike kiasi cha data kabla na baada.

Hesabu yake si ngumu. Video iliyohifadhiwa kwa kasi ya kilobiti 1,500 kwa sekunde hula takriban MB 112 kwa dakika 10. Ikishushwa hadi kilobiti 500, ambazo kwa slaidi zenye sauti zinatosha, inakula takriban MB 38. Sauti peke yake kwa kilobiti 64 ni karibu MB 5. Somo moja la dakika 40 kila wiki, kwa wiki 12, ni takriban GB 5.4 kwa kiwango cha kwanza na GB 1.8 kwa cha pili. Mwanafunzi mwenye kozi tano anazidisha mara tano: GB 27 dhidi ya 9. Mwalimu akishaiona tofauti hiyo kwenye karatasi, huwa hahitaji kushawishiwa kukata video zake ziwe vipande vya dakika 6 hadi 10, na kuweka sauti na maandishi kando ya kila kimoja kwa asiyemudu video.

Vitini navyo vina mtego. Ukurasa uliopigwa picha kisha ukageuzwa PDF ni mzito, hausomeki vizuri kwenye kioo kidogo, na mwanafunzi asiyeona hawezi kusomewa na simu yake. Jaribio lake ni la sekunde tano: kandamiza neno moja kwa kidole. Lisipojichagua, hiyo ni picha. Iandikwe upya au ipitishwe kwenye programu inayotambua maandishi. Slaidi zenye uzito wa ajabu mara nyingi zina picha za kamera zilizobandikwa kama zilivyo, MB 4 kila moja. Zipunguzwe upana hadi pikseli 1,200 kabla ya kubandikwa.

Kama mnatumia Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi za mtandaoni, app yake humruhusu mwanafunzi kupakua masomo akiwa penye mtandao na kuyasoma baadaye. Majaribio pia yanaweza kufanywa bila mtandao, lakini mwalimu lazima aruhusu kwenye mipangilio, na jaribio lenye kikomo cha dakika haliwezekani kwa njia hiyo. Mwalimu anayeweka dakika 20 kwa jaribio dogo la mazoezi lenye alama 2 amewafungia nje walio mbali na mtandao, mara nyingi bila kujua. Mpitiaji alitaje hilo.

Sisi ni chuo cha ufundi, nafundisha uchomeleaji. Nadharia ipo mtandaoni, vitendo viko karakana. Hivi vigezo vinatuhusu?
*Mkufunzi, Kakamega*

Vinakuhusu, Mkufunzi, ila ongeza kimoja: mpaka kati ya mtandao na karakana uonekane. Kila mada ya mtandaoni iseme itatumika katika kazi ipi ya karakana na siku gani. Mpitiaji atafute pia kama usalama (miwani, glavu, aproni ya ngozi, hewa) umepimwa kabla mwanafunzi hajaingia karakana. Huo ndio mtihani wa mtandaoni unaofaa kudai alama 100 kwa 100, urudiwe hadi zipatikane. Ushahidi wa umahiri, kwa mfano picha za kiungo kilichochomelewa, uwe na maelekezo kamili: pembe ngapi, rula ikiwa kando, jina na tarehe kwenye karatasi ndani ya picha. Bila hayo utapokea picha za kung'aa zisizopimika.

Idara yetu ina wahadhiri wawili tu, na hatuna mwingine wa fani yetu. Pili, mkuu anataka mpitiaji apewe nenosiri la mwenye kozi ili "aone kila kitu". Je, ni sawa?
*Mhadhiri, Siaya*

La pili kwanza, Dada: si sawa hata kidogo. Kozi inayoendelea ina majina, alama na ujumbe wa wanafunzi, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaitaka taasisi ilinde taarifa hizo na izitumie kwa sababu zilizokusudiwa tu. Mpitiaji hazihitaji. Msimamizi wa mfumo atengeneze nakala ya kozi bila data za watumiaji. Moodle inakuuliza hilo wazi unapohifadhi nakala. Kwenye nakala hiyo mpe mpitiaji akaunti mbili: moja ya mwalimu asiyeweza kuhariri, na moja ya mwanafunzi wa majaribio.

Hiyo ya mwanafunzi ndiyo aanze nayo. Mwalimu huona kila kitu hata kilichofichwa, kwa hiyo hawezi kujua kwamba kitini cha wiki ya 3 hakijafunguliwa kwa wanafunzi, au kwamba jaribio lilifungwa tangu mwaka jana. Afanye kazi mbili tatu na kuziwasilisha. Ajipe dakika 5 za kwanza, bila kuuliza mtu, ajibu: nianzie wapi, nitapimwaje, mwalimu wangu nampata wapi na atajibu baada ya muda gani. Akishindwa hata moja, ukurasa wa mwanzo una kasoro ya lazima. Akimaliza avae kofia ya mwalimu akaangalie vilivyofichwa na kitabu cha alama, ajumlishe uzito wa tathmini aone kama unafika 100 na kama unalingana na ulioandikwa kwenye silabasi. Mara nyingi haulingani, kwa sababu kozi ilinakiliwa kutoka muhula uliopita na silabasi ikabadilika baadaye.

Kuhusu uhaba wa watu, badilishaneni na chuo jirani, tena kwa barua rasmi baina ya wakuu wa idara. Ukanda huu hamko wachache: Maseno, Bondo, Kakamega, Bungoma na Kisumu zote zina vyuo vikuu au kampasi zake. Kozi kwa kozi, saa kwa saa, bila malipo. Mwandikiane pia kwamba vifaa vya mwenye kozi havitanakiliwa; hofu ya kuibiwa vitini ndiyo huvunja mipango hii. Mkikosa kabisa, mpitiaji wa fani nyingine anaweza kukagua karibu kila kitu isipokuwa usahihi wa taaluma, na hilo moja mtafutieni mtu wa nje wa kusoma malengo na mitihani peke yake. Ni kazi ya saa mbili.

Tulipitia kozi tisa mwaka jana. Ripoti ziko kabatini. Kozi ziko vilevile. Tumekosea wapi?
*Mkuu wa idara, Nakuru*

Ripoti ilifanywa kuwa mwisho wa kazi, Mwalimu. Inatakiwa kufuatiwa na karatasi ya pili, anayoiandika mwenye kozi mwenyewe ndani ya siku 7. Mbele ya kila oni la lazima anaandika moja kati ya matatu: "nitarekebisha", na tarehe; "nitarekebisha kwa njia nyingine", na njia yenyewe; au "sikubali", na sababu. Hilo la tatu liheshimiwe. Kuna maoni ambayo ni ya makosa, na mwalimu asipokuwa na haki ya kuyakataa, atayakubali yote kwa kalamu na asifanye hata moja.

Halafu mpeni muda. Kurekebisha jaribio moja na kurekodi upya video mbili ni kazi ya siku mbili au tatu, na mhadhiri mwenye madarasa manne hawezi kuzipata muhula ukiwa katikati. Panga marekebisho wakati wa likizo, na mtu wa tehama awepo siku hizo. Mpitiaji yuleyule arudi aangalie maoni ya lazima tu. Dakika 30 zinamtosha.

Mwisho wa muhula wa kwanza baada ya marekebisho, fungueni takwimu za majaribio. Moodle huonyesha, kwa kila swali, asilimia ya waliolipata, na kama waliolipata ndio haohao waliofanya vizuri kwenye jaribio zima. Swali lililopatwa na wote halipimi kitu. Lile ambalo wanafunzi bora wamelikosa na walio nyuma wamelipata, mara nyingi jibu lake limewekwa kimakosa kwenye mfumo. Hesabuni pia maswali yaliyoulizwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha darasa: kama bado wanauliza "kazi ya wiki ya 6 iko wapi?", ukurasa wa wiki ya 6 haujarekebishwa, hata kama karatasi inasema umerekebishwa.

Kwa zile ripoti tisa za kabatini, msizianze upya. Toeni maoni ya lazima peke yake, matatu kwa kila kozi, mwapelekee wenye kozi wiki hii pamoja na karatasi ya majibu ya siku 7.